Mwaka Walipokata Maneno ya Mama Limi

Mama Limi alizikwa Masumbwe siku ya Jumamosi, na kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, watu walewale waliomfukuza kwenye machimbo ya Mwakitolyo walikuwa wamekwisha kumtupia kwenye magrupu ya simu zao. Walitafuta picha yake ya zamani, amefunga kilemba cha kitenge, wakaizungushia maua na mishumaa ya kuchora, na chini yake wakaandika: Pumzika kwa amani mama yetu, mtetezi wa wachimbaji. Niliisoma nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu wa msibani, sufuria za wali zikichemka nyuma yetu, na hasira ikanipanda. Mtetezi wa wachimbaji. Nawajua walioandika. Mmoja wao alisimama palepale msibani, shati jeupe limenyooshwa, akapewa kipaza sauti, akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa kama mama yake mzazi, huku kijana wake akimrekodi kwa simu akiwa amepiga goti moja. Huyo ni Deo. Siku hizi ni mheshimiwa. Sikwenda Masumbwe kugombana, wala sikugombana. Lakini niliporudi kwangu Kahama niliona kwamba nisipoueleza mwaka ule mimi, utaelezwa na Deo, na wa Deo utakuwa mfupi, mtamu na wa uongo.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuolewa ambaye bado hajaolewa, na nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Limi, mama lishe mwenye banda kubwa kuliko yote upande wa maduara ya mlimani. Maduara ni yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, ambayo mtu hushuka kwa kamba. Jinsi nilivyofika pale ni habari nyingine, haina kazi hapa. Banda lilikuwa la miti na mabati, na ndani mlikuwa na meza mbili ndefu za mbao zisizorandwa vizuri, mabenchi pande zote, na mwishoni jiko la matofali lililokuwa limepaka ukuta masizi hadi kwenye paa. Chumba tulicholala mimi na Mama Limi kilikuwa nyuma ya jiko, kina vitanda viwili vya kamba, magunia ya unga na gunia moja la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo harufu yake hadi leo nikiisikia sokoni nasimama. Alfajiri tulipika uji. Mchana ugali, maharage na dagaa wa ziwani, au nsansa, majani makavu ya kunde, yaliyoungwa kwa karanga. Wachimbaji waliingia na vumbi jeupe kwenye kope kama wazee, wakanawa, wakakaa, na Wasukuma wakimaliza kula walisema "Wabeja mayu," yaani asante mama, na Waha, Wahaya na Wanyiramba nao wakajifunza kusema hivyohivyo.

Mimi dunia niliijua kwa kusikiliza watu wakila. Nikiwa nimeinama kwenye karai la vyombo nilisikia nani kaota mwamba wa dhahabu, nani kaachwa na mke, timu gani imeuza mechi, kiongozi gani amekula nini. Walibishana hadi mishipa ya shingo ikasimama. Lakini walibishana wakiwa wameshika tonge kutoka sinia moja, na mtu hawezi kumchukia sana mwenzake anayemsogezea mboga. Aliyetukana, Mama Limi alimwondolea sahani bila kupandisha sauti. "Matusi yapeleke shimoni, baba," alisema. "Hapa ni mezani." Na mwanamume mwenye mabega kama mlango aliomba radhi ili arudishiwe ugali wake.

Waliokula pamoja kuliko wote ni Ndaki na Shaban. Ndaki alikuwa Msukuma wa Maswa, mrefu, mwenye kucheka kwa kichwa nyuma, na ndiye aliyekuwa ananichumbia. Tulikwisha kuelewana kwamba msimu ukimwendea vizuri atatuma washenga nyumbani. Shaban alikuwa Muha wa Kigoma, mtaratibu, asiyekosa swala. Walipanga chumba kimoja, walichimba duara moja, na mwezi wa Ramadhani Ndaki alimsubiri Shaban afuturu ndipo naye ale chakula cha jioni, ingawa yeye ni Mkristo na tumbo lake lilikuwa linaunguruma tukilisikia wote.

Ndio mwaka simu za tachi zilipoingia Mwakitolyo kwa wingi. Kabla ya hapo simu ilikuwa ya kupiga na kupokea. Deo alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuwaingizia watu nyimbo, mkabala na karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Alikuwa kijana mchangamfu, hodari wa kuandika, na ndiye aliyewafungulia watu magrupu. Mwanzoni yalikuwa ya kuulizana bei ya dhahabu na kutangaziana misiba. Sina ugomvi na hilo.

Kisha duara moja likatitia. Kifusi kilimfunika mdogo wake Shaban, kijana aliyekuwa amekuja kumtembelea kaka yake na akashawishika kubaki. Alitolewa amekwisha kufa. Baada ya mazishi watu wakagawanyika. Wako waliosema maduara yote ya mlimani yafungwe, yamekuwa makaburi. Na Shaban, ambaye alikuwa hali wala halali, alikuwa upande huo. Wako waliosema yasifungwe hata siku moja, kwa sababu yakifungwa atakuja mwekezaji, ataweka uzio, na hakuna atakayeyaona tena. Na Ndaki alikuwa upande huo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, nasema hivyo hadi leo. Kila upande ukafungua grupu lake. Moja likaitwa Tufunge Tupone, la pili Kazi Kwanza, na admini wa Kazi Kwanza alikuwa Deo.

Uliitishwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa karasha, mchana, jua linawaka. Walikuja na wakubwa kutoka wilayani. Watu walisema, walizomeana, na hakuna kilichoeleweka, mpaka Mama Limi aliyekuwa ameleta maji ya kunywa akaomba nafasi. Alifuta mikono kwenye khanga, akashika kipaza sauti kama mwiko. Nilikuwa karibu naye na maneno yake ninayo. Alisema: "Mimi ndiye ninayewalisha hawa. Nasema hivi, maduara yafungwe. Yafungwe kwa muda wa kupigwa matimba tu, miti ishike kuta, na mafundi wale kwangu, sitawadai. Yakishakuwa salama yafunguliwe, watu warudi kazini. Anayewazuia watu hawa wasifanye kazi, huyo hajawahi kulala njaa, na mimi simkaribishi mezani kwangu." Akarudisha kipaza sauti, akachukua ndoo yake.

Uwanja mzima ulipiga makofi. Wafungaji, yaani wa Tufunge Tupone, walipiga, wa Kazi Kwanza walipiga, hata mkubwa mmoja wa wilayani alitikisa kichwa kukubali. Shaban alifuta macho. Ndaki, aliyesimama ubavuni mwangu, alipiga makofi akaniambia, "Mama ana akili kuliko sisi wote." Nilimsikia kwa masikio haya. Watu walitawanyika wakihesabu nani ataleta miti.

Saa ya chakula cha jioni, banda liliingiwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia. Wa Kazi Kwanza hawakuja. Nilitoka kumtafuta Ndaki, nikamkuta kwenye kibanda cha Deo na wenzake wengi, kila mmoja ameinamia kiganja chake, na kutoka kwenye viganja vyote ilikuwa inatoka sauti ya Mama Limi, moja ikimaliza nyingine inaanza: Mimi ndiye ninayewalisha hawa. Nasema hivi, maduara yafungwe. Basi. Hapo inakatika. Mimi ndiye ninayewalisha hawa. Nasema hivi, maduara yafungwe. Juu ya picha wameandika: Amenunuliwa.

"Mama yako amenunuliwa," Ndaki akaniambia.

"Na nani?"

"Sikiliza mwenyewe."

"Ndaki, ulikuwepo. Tulisimama pamoja. Ulipiga makofi."

"Nilikuwepo. Kwani hii sauti si yake?"

"Ni yake. Na aliyoyasema baada ya hapo?"

Aliwatazama wenzake, akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukijua. "Kabula, grupu zima limesikia. Wewe peke yako ndiye umesikia vingine?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Deo kabla hajapata wateja. Nilimwomba kistaarabu. Nilimwambia, kaka Deo, mkutano wote unao kwenye simu, watupie wote. Akanijibu huku anafuta vumbi kwenye meza yake, "Dada Kabula, mkutano mzima nani ataangalia? Unakula bando la watu. Watu wanataka kitu kifupi."

"Kifupi cha uongo?"

"Uongo uko wapi? Nionyeshe neno nililoongeza."

Na kweli hakuongeza neno. Nimeishi miaka yote hii na jibu hilo kama mwiba wa samaki kooni. Alichukua kweli ya mtu, akaikata kama unavyokata kuku shingo, akawaonyesha watu kichwa, akasema huyu ndiye kuku. Na kibanda chake kilikuwa kimejaa tangu siku hiyo. Wateja walipanga foleni kununua bando ili waendelee kukasirika.

Mtu angedhani basi upande wa pili ungemkumbatia Mama Limi. Kwa siku chache walimkumbatia. Walikisambaza kipande kilekile cha Deo na kuandika juu yake: Mama amenena. Kisha mtu wa Tufunge Tupone, ambaye hadi leo sijamjua, akakata kipande kingine, cha mwisho wa maneno yake: Anayewazuia watu hawa wasifanye kazi, huyo hajawahi kulala njaa, na mimi simkaribishi mezani kwangu. Wakaandika juu yake: Kigeugeu. Shaban alikuja bandani peke yake, hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

"Mama, mdogo wangu hajatimiza hata arobaini. Unasema hunikaribishi mezani kwako?"

Mama Limi aliweka mwiko chini. "Shaban, ulikuwepo mkutanoni?"

"Nilikuwepo."

"Nilikuwa nakusema wewe?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, kweli ilimpita usoni kama mtu anayekumbuka jina. Kisha simu ikalia mfukoni, akaitoa, akaisoma, na uso ukajifunga. "Wote wanasema ulikuwa unatusema sisi," akajibu, akaondoka.

Nina mgahawa wangu sasa, mjini Kahama, na nayaona hayohayo kila kampeni zinapoanza. Wapo watu wazima wawili, waliosoma darasa moja na kubatizwa siku moja, hawaketi tena karibu. Kila mmoja anakuja na simu yake, anaiegemeza kwenye chupa ya maji, anakula huku anasikiliza watu wanaokubaliana naye. Nikimuuliza mmoja, mwenzako anataka nini hasa, hajui. Anajua kipande tu. Anajua sentensi moja ya kiongozi wa upande ule, iliyokatwa mkia na kichwa, na kwa sentensi hiyo yuko tayari kutokwenda kwenye msiba wa mama wa rafiki yake. Watu wanasema ni siasa. Wengine wanasema ni teknolojia, kana kwamba simu ina mikono. Mimi nasema ni watu. Wanajua mkato ulipo, kwa sababu sauti inakatika katikati ya pumzi na kila mwenye masikio anausikia, lakini wanaupenda huo mkato kuliko maneno yenyewe.

Banda likafa taratibu. Wa Kazi Kwanza walihamia kwa mama mmoja wa bondeni, wafungaji wakajipikia. Mtu akamwaga uchafu kwenye pipa letu la maji. Wanawake tuliokuwa tunakwenda nao kusaga unga walinyamaza tulipofika, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Lisemwalo lipo." Mama Limi aliendelea kupika kila siku, kidogo, na kila mchana alikaa kwenye ile meza ndefu, katikati, akala ugali wake mlango ukiwa wazi ili mtu asiseme amejificha. Alinikataza kukaa naye. "Wewe bado unataka kuolewa hapa," alisema. "Kula jikoni." Nilikula jikoni, nikimtazama mgongo wake, na meza ile ya watu wengi ikiwa na sahani moja. Na matimba? Hakuna aliyepiga. Miti iliyokuwa imekwisha kuletwa ikaibwa ikawa kuni. Kazi Kwanza walisema kupiga matimba ni kukubali maneno ya wafungaji. Tufunge Tupone walisema kupiga matimba ni kukubali kwamba maduara yaendelee. Maneno ya katikati, yale aliyoyasema Mama Limi, hayakuwa na grupu.

Mvua zikaanza. Shaban, aliyekuwa amehamia chumba kingine, akipita juu ya duara walilokuwa wakichimba zamani na Ndaki, aliona ufa umefunguka pembeni ya mdomo wa duara hilo, mrefu, unaoingia mkono. Akaupiga picha. Na picha ile, Mungu anisamehe kwa hasira niliyo nayo, aliituma Tufunge Tupone. Aliituma kwa watu ambao tayari walikuwa hawashuki. Wakamjibu: Tulisema. Wakamjibu: Subirini muone. Wakaweka vidole gumba na mikono ya kuomba. Ndaki alikuwa anakaa nyumba ya pili kutoka kwake. Mtu mmoja alijitahidi kuipeleka kule Kazi Kwanza, na Deo akaandika chini yake kwamba hiyo ni picha ya zamani ya machimbo mengine, propaganda, akamtoa aliyeituma.

Sisi tuliijua kwa sababu Mama Limi alisikia wanaume wawili wakiizungumza bombani asubuhi. Aliwaomba waione naye. Aliitazama, akawarudishia simu, akaacha ndoo palepale, akaanza kupanda mlima kwa ndala. Nilimfuata. Zamu ilikuwa inajiandaa kushuka, Ndaki na wenzake, taa zimefungwa vichwani. Walipomwona wakaanza kumwigiza, wote kwa pamoja, kwa sauti nyembamba ya kike: "Nasema hivi, maduara yafungwe." Wakacheka. Yeye alikwenda mpaka pembeni ya duara, akachuchumaa, akachomeka fimbo kwenye ufa, ikazama.

"Tazameni kwa macho yenu," alisema. "Msinisikilize mimi. Tazameni."

"Ni maji ya mvua tu hayo, mama," mmoja akasema. "Nenda ukawaambie waliokutuma umeshindwa."

Mama Limi akamgeukia Ndaki. "Ndaki, mwanangu. Usishuke leo."

Nami nikasema, "Ndaki."

Ndaki aliutazama ufa. Alikuwa mchimbaji wa miaka mingi, aliujua ufa ulivyo. Halafu aliinua macho, na hakunitazama mimi wala Mama Limi. Aliwatazama wenzake. Walikuwa wanasubiri waone atafanya nini. Akashika kamba, akashuka.

Adhuhuri haijafika tulisikia mlio, si mkubwa, kama gunia zito lililobwagwa, kisha vumbi likatoka mdomoni mwa duara ingawa ardhi ilikuwa na maji. Wa kwanza kufika ni Shaban. Alichimba kwa sururu, kisha kwa mikono alipoogopa sururu isimpate mtu, akiita, "Ndaki, nipo, Ndaki, nipo," hadi sauti ikakauka. Watu wa pande zote walichimba. Kwa muda ule hapakuwa na grupu, kwa sababu kila mkono ulikuwa umeshika udongo. Wenzake Ndaki wawili walitolewa wakiwa maiti. Ndaki alitoka hai, mguu mmoja umepondeka, na hospitali waliukata juu ya goti.

Kama yangeishia hapo ningesema walijifunza. Jioni ileile simu zikawashwa. Tufunge Tupone wakarudisha picha ya ufa na kuandika: Tulisema. Watu wamekufa, wao wanafurahia kwamba walisema. Kazi Kwanza wakaandika kwamba ni hujuma, kwamba kuna mwanamke alionekana asubuhi akichomeka fimbo pembeni ya duara. Kulikuwa na picha. Mtu alikuwa amempiga Mama Limi picha akiwa amechuchumaa pale, na sasa ikawa ushahidi kwamba yeye ndiye aliyelegeza ukingo. Kwenye mazishi ya wale wawili palitandikwa mikeka mbalimbali, wafungaji huku, Kazi Kwanza kule, na mama wa marehemu mmoja akawa anatoka mkeka huu kwenda ule kuwaomba wakae pamoja. Hawakukaa.

Wakubwa walipokuja na kuamuru matimba yapigwe, na kila mtu akawa sasa anayataka, Deo alikuja bandani. Alikuja mpole, ameshika simu. "Shikamoo, Mama. Nimekuja uzungumze kidogo. Sema tu kama ulivyosema siku ile. Sasa hivi watu watakuelewa."

"Marahaba," Mama Limi alijibu. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. "Unayo siku ile nzima kwenye simu yako. Watupie hiyo."

"Nilishaifuta, Mama. Ilikuwa inajaza simu."

Mama Limi alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Nilisema mbele ya watu wote, mchana, jua linawaka," alisema. "Kila mtu alikuwepo na masikio yake. Kama hayo hayakutosha, Deo, sina mdomo mwingine." Deo akarudisha simu mfukoni, akaondoka. Wiki hiyohiyo Mama Limi akauza mabati, akapakia sufuria kwenye lori la mbao, akahamia Masumbwe. Hakuna aliyekuja kumuaga. Shaban alikwisha kurudi Kigoma, na sijui habari zake. Mimi nilikwenda hospitali mara kadhaa kumpelekea Ndaki uji. Tuliongea habari ya dawa na ya mguu. Sikumuuliza lolote, nikijiambia kwamba mgonjwa hasutwi, na siku moja nikaona siwezi kumwoa mtu ambaye nisingeweza kumuuliza, nikaacha kwenda. Naandika kumwoa makusudi. Ningekuwa mimi ndiye wa kumbeba.

Nilimwona tena msibani, Jumamosi ile. Deo alikuwa amemaliza hotuba yake, na watu walikuwa wanakula. Ndaki alikuja kwa magongo, ndevu zimeingia mvi, akakaa kwenye kiti karibu na sufuria zetu, mtoto akamletea sahani ya wali. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za Kahama, nikamuuliza za Maswa. Nikaona kwamba hatutaonana tena, na nikamuuliza.

"Siku ile ya mkutano, ulisikia nini?"

Hakujifanya hakuelewa. Alitazama kule Deo alikokuwa anapigwa picha na waombolezaji.

"Nilisikia yote," alisema. "Mpaka habari ya kuwalisha mafundi."

"Na kipande kilipokuja?"

"Nilijua kimekatwa. Wengi tulijua, Kabula. Lakini ningefanyaje? Ningesema, ningetolewa kwenye grupu. Shaban alikwisha kuhama. Ningekula na nani?"

Nilikuwa nimedhani kwa miaka yote kwamba alidanganywa, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimemwekea huruma mahali fulani. Niliitafuta palepale, nikiwa nimeshika mwiko, sikuiona.

"Ungekula na Mama Limi," nilimwambia. "Nafasi ilikuwepo."

Nikageuka kuwapakulia watu waliokuwa bado hawajapata.